Faili Lililokataa Kunakiliwa

Fundi wa kompyuta alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, maana chumbani kulikuwa na mtu anayekoroma.

Alinyata hadi kwenye meza ya sebuleni, akauruka waya mwembamba wa spika uliotoka nyuma ya mashine na kupotelea chini ya mlango wa chumbani. Skrini ilikuwa na ujumbe mwekundu: "Diski ina hitilafu. Nakili mafaili yako, kisha zima mashine." Chini yake vitufe viwili: Sasa, Baadaye.

"Ujumbe huu umeanza lini, mama?"

"Wiki nzima sasa. Mimi nabonyeza Baadaye."

Fundi akavuta kiti. Kikakwaruza sakafu, naye akakunja uso. "Samahani. Nisije nikamwamsha mzee."

"Huyo? Haamki." Mama akamsogezea kikombe cha chai. "Na alivyo mbishi! Ukimwambia anakoroma, anakuambia ni wewe. Miaka yote ya ndoa, eti ni mimi!"

Fundi akacheka kwa pua. Alichomeka flashi, akaanza kunakili. Zikapita picha za harusi ya binti, risiti za umeme, picha za paka. Mwishoni mashine ikagoma: "Faili hili linatumika. Haliwezi kunakiliwa."

"Limebaki moja, mama. Linaitwa Ushahidi. Ni la kesi?"

"Kesi ilishakwisha."

"Basi tuliache."

"Thubutu!"

Fundi akakuna kichwa. Akamweleza taratibu: kuna programu imeling'ang'ania. Ili iliachie, lazima mashine izimwe, halafu iwashwe upya. Na kwa diski iliyochoka namna hii, huenda ikawaka, huenda isiwake. Isipowaka, hilo moja ndilo watakalolikosa.

"Na tusipoizima?"

"Itakufa yenyewe. Hata leo hii."

Mama akaketi. Aliweka mikono mapajani, akausikiliza mkoromo. Ulipanda, ukakwama kidogo kama kawaida yake, ukashuka. Ukapanda tena. Fundi alimaliza chai yake na kujifanya anafuta vumbi kwenye kibodi.

"Zima," mama akasema.

Fundi akabonyeza kitufe. Feni ya mashine ikazunguka kivivu, ikatulia. Chumbani, mkoromo ukakatika katikati ya pumzi.

"Haya, mwanangu," mama alisema, macho yake kwenye mlango wa chumba. "Sasa mwamshe."