Taa ya Tatu

Kapteni Machano alikuwa katikati ya umbea mtamu, wa jirani aliyeposa nyumba mbili siku moja, mara mashine ya onyo ya ndege ikapaza sauti: "Magurudumu! Magurudumu!"

"Mama Mkwe huyo kaamka," akacheka, akabonyeza kitufe cha kuinyamazisha kama alivyozoea. "Kila tukishuka lazima agombe. Basi nikwambie, yule jirani..."

Saumu, rubani msaidizi, hakucheka. Kati ya taa tatu za magurudumu, mbili tu ndizo zilizowaka kijani; gurudumu la tatu halikuwa limekaa sawa. Nyuma yao watu wa harusi walikuwa wakiimba, na mbele kiwanja kilikuwa kinawajia. Lakini ilikuwa wiki yake ya kwanza, na nani amkatize Kapteni akiwa na umbea mdomoni?

Marubani wana ada yao: yeyote akisema "zunguka," mwenzake hupaisha kwanza, maswali baadaye.

"Zunguka!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia.

Machano akaumeza umbea wake, akaipaisha ndege. Watu wa harusi, wakidhani bibi harusi anatembezwa juu ya mji kwa heshima, wakapiga vigelegele.

Saumu akayapandisha magurudumu, akayashusha tena. Taa ya tatu ikawaka.

"Ala!" Kapteni akashusha pumzi, kisha akacheka mwenyewe. "Haya mwanangu, sema wewe. Mimi nasikiliza."

Kiwanja kikawajia mara ya pili. Saumu akamsomea kimo cha ndege, sauti ikipanda juu ya vigelegele, na Machano shingo kaipinda upande wake kama mtu aliyeitegea redio sikio.