Sindano ya Ulimi

Jijini Dar es Salaam hakukuwa na mtoto mgeni aliyeandikishwa shule kabla ya kuchomwa sindano ya ulimi. Asubuhi moja tu, lugha ya kwao ilimtoka kichwani, akabaki na Kiswahili safi. Mwalimu Anasia Kileo, mkuu wa shule ya watoto waliotoka ng'ambo ya Mto Ruvuma, alikuwa ameidhinisha sindano mia nne, na shule yake iliongoza mitihani kila mwaka.

Siku moja alikuja Atija, Mmakua muuza mihogo, amemshika mkono binti yake mdogo, Zaina.

"Shikamoo, Mwalimu. Kiswahili changu kidogo," alisema. "Dada yake mlipomchoma, tukawa tunaongea kwa vidole kama mabubu. Huyu niachie."

Anasia aliivuta fomu ya kumwandikisha mtoto. Kisha akaandika kwamba mtoto amekwishachomwa, akampeleka darasani mwenyewe. Mlangoni alimwekea kidole kwenye midomo, kumwonya asije akasema neno la Kimakua.

Wakati wa mapumziko Zaina alijikwaa, akaanguka, akamlilia mama yake kwa Kimakua. Watoto wakaacha mpira, wakasogea mmoja mmoja hadi wakamzunguka, machozi yakiwatiririka.

Anasia alitoka ofisini mbio. "Mna nini, wanangu?"

Dada yake Zaina, aliyekuwa miongoni mwao, alijifuta mashavu kwa kiganja.

"Hatujui, Mwalimu," akasema. "Mwambie aseme tena."