Mkono wa Baba Kwenye Stelingi

Nilikuwa nimelala chini ya lori la baba, nyumbani kwetu Sori, nimeshika kiungo cha stelingi kwenye gurudumu la kulia. Ndugu zangu walikuwa wameamua: gari likikutwa halina kasoro, basi tatizo ni mzee, na aache kuendesha. Mara mbili lilikuwa limeacha barabara akipeleka omena, dagaa wa ziwani, Migori.

“Zungusha kushoto, Baba. Sasa kulia.”

Kiungo kikaruka kiganjani mwangu na kugonga, ko! Kilikuwa kimelika kabisa.

“Umesikia?” akapaza sauti kutoka juu. “Niliwaambia ni gari! Ndugu zako wanataka kunizika nikiwa na meno yote.”

“Una meno sita, Baba.”

“Yanatosha omena.”

Nilicheka mpaka vumbi likaniingia mdomoni.

“Basi, usizungushe tena. Shikilia tu.”

Kiungo hakikutulia. Kiliendelea kutetemeka kiganjani mwangu kama kifaranga. Nilidhani ni injini, lakini ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

“Baba, nimesema usizungushe.”

“Sizungushi, Okeyo. Nimeshikilia tu.”

Nilibaki hapo chini, nimefumbata kile chuma kama niliyeushika mkono wake.

“Sasa?” akauliza. “Ni gari, ama ni mimi?”

“Ni gari, Baba. Kesho nitaweka kiungo kipya. Lakini nitaendesha mimi. Wewe ukae kando yangu, unionyeshe mashimo.”

Nikasikia akisogea kwenda kiti cha pili, polepole, na kile chuma kikatulia.