Swali la Mama Kakakuona

Katika pori zima, wenye magamba walikuwa wawili tu: Mama Kakakuona na bintiye. Siku ya kumtafutia binti shule binafsi ilipofika, mama alibeba swali moja tu: "Mtoto wangu akiogopa hujikunja akawa kama mpira. Akijikunja, mtafanyaje?"

Walianza kwa Mwalimu Swala, ambaye shule yake ilisifika hata ng'ambo ya mto.

"Ondoa shaka, mama," alisema Swala. "Hapa hatubagui. Tutamfundisha kukimbia kama wenzake, na kabla ya mwaka kwisha hutamtambua."

Mama akashukuru kwa adabu, lakini lile "hutamtambua" lilimfuata njia nzima mpaka kwa Mwalimu Nguchiro, ambaye darasa lake lilikuwa kelele tupu.

Nguchiro alilisikia swali, akajikuna shingo. "Mama, nisikudanganye, sijui. Kakakuona sijapata kumfundisha. Hujikunjaje?"

Mwalimu asiyejua! Mama akageuka aondoke, kumbe bintiye, kwa kuona macho yote yanamtazama, alikuwa ameshajikunja.

Nguchiro akachutama karibu na mpira ule wa magamba, akauliza polepole, "Mwanangu, sasa tufanyeje?"

Mama alifungua kinywa ajibu, akasita. Swali hilo alilitembeza shule kwa shule, lakini hakuwahi kumuuliza binti mwenyewe.

Sauti ndogo ikatoka ndani ya magamba: "Ningojeni kidogo."

Wakamngoja, na mama naye akakaa chini.