Nyangumi Chini ya Boti

Kabla ya kutoka baharini kutazama nyangumi, Sharifu alimvalisha mkewe Zaituni jaketi la kuokolea kwa mikono yake, akaikaza mikanda mpaka Zaituni akawa anapumua kwa shida. Nyangumi na mtoto wake walipoingia chini ya boti, nahodha akazima injini. Ndiyo desturi ya manahodha wa huko: injini haiwashwi mpaka nyangumi mama aondoke mwenyewe.

Wakakaa, wakiyumba.

"Washa turudi," alisema Sharifu. "Mke wangu anaogopa."

Nahodha hakumtazama. "Dada, unaogopa?"

Sharifu alifungua kinywa amjibie mkewe kama kawaida, lakini nyangumi akapumua ubavuni mwa boti, maji yakawalowesha wote.

"Siogopi," alisema Zaituni.

Alikuwa ameshalegeza mkanda wa kwanza. Vidole vikipapasa wa pili, mgongo mweusi wa nyangumi ulikuwa bado unapanda.