Mchuzi Kiganjani

Bi Kidawa alirudi kutoka hospitali na majibu ya damu, akapitiliza hadi jikoni. Bintiye, Mwatime, alikuwa akikoroga mchuzi wa nazi. Saratani ya titi ilishamchukua dada yake Bi Kidawa.

"Mama, usinizungushe. Wamesemaje?"

"Daktari kasema tunarithi vitu vidogo vidogo mwilini, na watu wengi wanavyo. Kimoja ni kama chembe ya chumvi tu."

"Na vikiwa vingi?"

"Hatari ya saratani inaongezeka. Si lazima mtu augue, ila awe anapimwa."

"Vyako?"

"Vingi."

"Na mimi, mama?"

"Vyako havijaangaliwa, mwanangu."

Mwatime alichota mchuzi kwa upawa, akajidondoshea kiganjani aonje chumvi, kama alivyofundishwa na mamake. Akabaki akiutazama.