Macho Yatazoea

Siku nilipotimiza miaka hamsini nilirudisha miwani yangu, kama sheria inavyotaka. Nesi wa mtaa aliitupia sandukuni pamoja na za wenzangu, akaniambia, "Usihofu, mama. Macho yatazoea."

Nilimlaani kimoyomoyo. Wiki za kwanza kila taa iliota mkia na kila mstari ulikuwa miwili. Nilimwaga chai, nikajigonga milangoni. Kisha, mwezi wa tatu, ukungu ukaondoka. Nikauona mchele kwenye ungo punje kwa punje, mweupe, hauna hata chuya moja. Nilijivuna kweli.

Mchana ule nilimpakulia binti yangu, Tunu. Tonge la pili tu, nikasikia kitu kikisagika menoni mwake.

"Mama, mchele huu uliuchambua?"

"Wote! Siku hizi naona kuliko wewe."

Alitema, akanishika mkono na kuniwekea vijiwe vitatu kiganjani. Nilivihisi, vigumu, vyenye ncha. Nikakitazama kiganja changu. Kilikuwa kitupu.

Kumbe macho hayakupona. Yalikuwa yamezoea kunionyesha kile ninachotaka kukiona.

Nikamwinulia Tunu uso. Alikuwa akitabasamu, tabasamu lile lile ninaloliona kila siku tangu ukungu uondoke.

"Sasa unacheka nini?"

"Sicheki, mama."

Nikampapasa shavu. Lilikuwa limelowa, na kidevu kinatetemeka. Nikamkazia macho, nikayafumba, nikayafumbua. Tunu alikuwa bado anatabasamu.